Nimerudi Bagamoyo, Mama Mkubwa hayupo

Nimerudi Bagamoyo baada ya miaka mingi ya kuishi Ujerumani, na mtu niliyetamani kumkuta kuliko wote amekwisha kuzikwa. Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea tangu utotoni, na habari za kifo chake zilinifikia kwa simu, nikiwa sina namna ya kuwahi mazishi. Ndugu wamenisimulia kwamba msibani yalisemwa mengi kuhusu utumishi wake kanisani na katika WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania. Yote ni kweli, lakini hayatoshi.

Ukoo wetu una asili yake katika kijiji cha Wakristo ambacho Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walikianzisha kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kila alipotupeleka misheni kwa ile njia ya miembe, Mama Mkubwa alitukumbusha kwamba wazee wetu walifika pale wakiwa hawana ndugu hata mmoja, wakafanyana ndugu. Naamini maisha yake yote yalitoka katika neno hilo.

Alijipatia riziki kwa vitumbua. Mchele aliuloweka jioni, na alfajiri, kabla ya misa, nyumba nzima ilinukia iliki. Ila vile vya kwanza kuiva havikuuzwa kamwe, bali vilifunikwa kwa kawa, nasi watoto tukatumwa kuvipeleka kwa mgonjwa yeyote aliyekuwapo mtaani, awe Mkristo au Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani aliamka kuwapikia majirani daku pale mama wa nyumba alipokuwa mzazi au mgonjwa, kisha akaenda zake kanisani.

Juzi binti yake alinionyesha kauntabuku lake, ambalo sikuwahi kujua kwamba lipo. Ndani yake aliandika kila msiba wa mtaa, kwa mwandiko wa kalamu ya risasi ulioinama: nani alileta mchele, nani alitoa kuni, nani alichota maji, nani alikesha na wafiwa. Hakuandika ili adai. Aliandika ili zamu ya mtu huyo itakapofika, yeye ajue la kufanya bila kuuliza. Wanajumuiya na majirani wa Kiislamu wamo katika safu moja, bila kutenganishwa.

Na jina langu limo. Fedha nilizokuwa nikimtumia kwa ajili ya dawa na matumizi yake mwenyewe, sehemu yake aliigeuza mchele na sukari, akaipeleka kwenye misiba ambayo mimi hata sikuisikia, akaniandika mimi kuwa mtoaji. Sisi tulio ng'ambo tunatuma fedha, na fedha husaidia sana, wala siidharau. Lakini yeye alijua kwamba mtu asiyeonekana misibani hukatika na mtaa wake, akanishikia nafasi yangu miaka yote hiyo.

Ndiyo maana, siku nilipofika, mama mmoja wa nyumba ya tatu alikuja na ushungi wake, akanipa mkono wa pole, akasema, “Mwanangu, ulitusitiri sana tulipomzika mzee.” Niliitikia tu, kwa kuwa sikumwelewa. Sasa nimemwelewa, na jana nilikwenda kwake kumweleza mchele ule ulitoka kwa nani. Alinijibu kwamba mtaa mzima unajua.