Siku moja kati ya piyesi (vipuri) za trekta kuukuu, Lubumbashi

Saa moja asubuhi: kufungua duka, kufagia, kujaza mazutu (dizeli) kwenye beseni la kuoshea vyuma. Ni Oktoba. Mahindi yanataka kupandwa mvua ikishika, na trekta zilizolala tangu mavuno ndizo sasa zinakataa kuwaka.

Saa mbili simu imejaa picha. Boneti nyekundu, "35" ubavuni, na swali lilelile: "Pistoni bei gani, mukubwa?" Boneti haisemi pistoni gani. Massey Ferguson 35 za dizeli za mwanzo zilikuja na injini ya Standard 23C, silinda 4. Tangu 1959 zikaanza kuwekewa Perkins ya silinda 3. Hesabu mirija ya mazutu inayoingia kwenye kichwa cha injini, utajua. Halafu usichanganye Perkins hiyo na AD3.152, Perkins nyingine, ya MF 135, trekta iliyotoka 1964. Kipenyo cha silinda ni kimoja, milimita 91.44, na pistoni inaingia vizuri kabisa. Hapo ndipo watu wanapoumia. Pistoni ya AD ina bakuli lililochimbwa juu yake kwa sababu mazutu hupulizwa humo moja kwa moja. Ile ya zamani inategemea chumba kilichomo kwenye kichwa cha injini. Ukizibadilishana, moshi unajaa, nguvu inapotea, au injini haiwaki. Kwa hiyo jibu ni moja: nitumie namba ya injini, papa, na picha ya pistoni yenyewe ikiwa imeoshwa.

Saa nne anaingia komisyonere, yaani dalali, na vilebrekeni (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) ya AD3.152 ndani ya gunia, imepakwa grisi mpaka inang'aa. "Hii orijinali, mukubwa, angalia namba!" Namba anayoonyesha imenyanyuka pamoja na chuma: ni ya kalibu, umbo lililotengenezea chuma hicho. Chuma cha kalibu moja huweza kuchongwa baadaye kwa namna tofauti, kwa hiyo inakuonyesha pa kuanzia tu. Bei inatoka kwenye mikromita, kifaa cha kupimia unene.

Anaona ninamchelewesha, anapiga simu kwa patroni wake. Tunaosha grisi yote. Shingo ya bieli, pale mkono wa pistoni unaposhika vilebrekeni, ikiwa mpya ina milimita 57.11; ikichongwa mara ya kwanza 56.86, ya pili 56.60, ya tatu 56.35. Chini ya hapo huna kusine (vibati laini vinavyoizunguka shingo) za kuweka. Kila shingo inapimwa pande mbili, na karibu na kila ukingo, kwa maana huchakaa ikawa yai. Tofauti ikipita milimita 0.038 lazima ichongwe. Zake mbili zinasoma 56.59. Ya tatu, 56.41. Kusine za 56.60 hazitaikamata, kwa hiyo zote tatu zishushwe hadi 56.35, na hapo uhai wake wa mwisho unaanza.

Anasema ninamharibia biashara. Tunaendelea. Vilebrekeni inaning'inizwa kwa kamba, inagongwa kwa nyundo ndogo: nzima inalia muda mrefu, yenye ufa inakata sauti. Kisha inakaushwa, inapakwa chaki pembeni mwa shingo, na kusubiri. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatachora mstari mweusi. Hii haina mstari, na kona zake, pale shingo inapokutana na ukingo, bado ni za mviringo. Fundi mashine akizikata kali, chuma huvunjikia hapohapo shambani.

Basi bei: ninachukua ya vilebrekeni ya mchongo wa tatu, ninatoa gharama ya kuchonga na ya kusine. Anataka bei ya mpya. Simu tena. Umeme unakatika, joto limepanda, wateja wawili wanasimama mlangoni, naye anarudia kusema orijinali. Anakubali saa saba imepita, kwa kinyongo.

Mchana saa zinachanganyika. Pampu ya CAV DPA, ya kusukuma mazutu kwenye injini, kibati kinaanza na 3233F: ile 3 ya kwanza baada ya 32 ni idadi ya silinda. Kibati kikikosekana, hesabu matundu ya kutolea mazutu, zungusha mhimili kwa mkono. Huu umeganda, maji yameingia kwenye mazutu, kwa hiyo ninalipa ganda peke yake. Halafu buloni za M10 (milimita 10) zilizolazimishwa kwenye matundu ya inchi 3/8, nyuzi zimesagika zote. Bloku hiyo inashuka bei, kila tundu lililoharibika lina gharama yake ya kurudisha nyuzi.

Jioni mzee wa barabara ya Kipushi ananunua ile vilebrekeni. Ninamwandikia kwenye karatasi ya kumpa fundi mashine: shusha hadi 56.35, acha kona za mviringo, osha njia za mafuta kabla ya kufunga.