Mita 250 za kurudi nyuma

Mwaka jana huko porini Chunya nililipita jiwe. Saa kumi jioni, vituo sita vya kuchukulia sampuli bado vinatusubiri, na mzee aliyetuongoza ameshasema giza lisitukute upande ule wa mto. Kushoto kwangu, kama hatua ishirini hivi, mshipa mweupe wa kwatzi, lile jiwe gumu linalong'aa, umechomoza ardhini, kingo zake zimeshika kutu. Nikaweka alama kwenye GPS, nikaandika "kesho". Usiku mvua ikanyesha, gari likashindwa kuvuka, tukahamishiwa kitalu kingine. Sijarudi mpaka leo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia upya safari ya Opportunity, kile kigari cha Marekani kilichotua Mirihi Januari 2004. Kilitengenezwa kifanye kazi siku 90 tu. Agosti 2008 kilikuwa bado kizima, kimetoka kwenye kasoko (shimo kubwa la duara) ya Victoria, na timu yake ikaamua kiende Endeavour, kasoko yenye upana wa kilomita 22. Ukinyoosha mstari ni kilomita 12 hivi. Kwa kukwepa matuta ya mchanga, ikaja kuwa kama 21. Na matuta yale hayakuwa ya kuchezea: mwaka 2005 moja lilikikamata kwa zaidi ya mwezi mzima.

Sasa piga hesabu ya kusimama njiani. Mkononi kilikuwa na kifaa cha kutambua madini ya chuma, kinachotumia kobalti yenye mnururisho. Nguvu ya kobalti ile hupungua kwa nusu kila baada ya siku 271. Kipimo kilichochukua usiku mmoja mwaka 2004, miaka ilivyosonga kikawa kinakula siku, baadaye wiki. Jiwe ni lilelile, bei imepanda. Na gurudumu la mbele kulia lilianza kusumbua, ikabidi kigari kitembee kinyumenyume sehemu kubwa ya njia. Uwandani kwenyewe miamba ilifanana mno: mchanga ulioganda na chumvi za salfeti, pamoja na vigololi vya hematiti, madini ya chuma, walivyokwisha kuvipima tangu walipotua. Kupita bila kusimama ilikuwa haki kabisa, na ningekuwa kwenye timu ile ningesema twende.

Ila tarehe 18 Julai 2009 wakaona kwenye picha jiwe jeusi, upana wake kama sentimita 60, lipo nyuma. Walikuwa wameshalipita! Wakakirudisha kigari mita 250 nzima. Jiwe wakaliita Block Island: chuma na nikeli, kimondo kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vimeonekana Mirihi hadi wakati huo. Nimewahi kushika kimondo cha Mbozi, nacho ni chuma na nikeli, baridi kama sufuria asubuhi, kwa hiyo picha zile nilizitazama kwa viganja pia. Na hawakurudi kwa ajili ya kushangaa tu. Kwa wataalamu, chuma kizito kiasi kile kufika chini bila kusambaratika kilikuwa dalili kwamba huenda kilianguka wakati hewa ya Mirihi ilikuwa nzito kuliko ya leo. Hilo vigololi vya uwandani visingewaambia, hata wangesimama mara mia.

Wakafika ukingoni mwa Endeavour tarehe 9 Agosti 2011, miaka mitatu kasoro wiki chache tangu waondoke Victoria. Kabla mwaka haujaisha wakakuta mshipa mweupe kwenye mwamba, mwembamba kama dole gumba, urefu wake kama nusu mita. Jasi. Maji yalipita kwenye ufa yakaiacha humo. Hapo walisimama, wakapima, hawakuwa na haraka.

Mshipa wangu wa Chunya niliukadiria upana wa kiganja. Namba zake bado ninazo kwenye GPS, na mwezi Juni barabara ya kule hukauka. Nauli nimeshaitenga.