Zaku II: roboti la jicho moja na vita vya mwaka 0079

Mfululizo wa katuni za Kijapani uitwao Mobile Suit Gundam ulianza kurushwa kwenye televisheni mwezi Aprili 1979, chini ya mwongozaji Yoshiyuki Tomino, na tangu wakati huo sifa nyingi zimekwenda kwa roboti jeupe linaloongozwa na kijana Amuro Ray. Mimi ninaamini kwamba anayetaka kuvielewa vita vya simulizi ile hana budi kuanza upande wa adui, kwa Zaku II, kwa sababu ndilo roboti lililoundwa kama silaha halisi ya jeshi, likashinda mapema kupita kiasi, kisha likaachwa mikononi mwa vijana hata baada ya wakati wake kupita.

Aliyelichora ni Kunio Okawara. Roboti la shujaa lilipaswa kuwavutia watoto na kuwaridhisha wafadhili waliouza vitu vya kuchezea, ndiyo maana likapata nyeupe, bluu, nyekundu na njano; roboti la adui halikuwa na mzigo huo, na uhuru wa mchoraji unaonekana katika kila kiungo. Kichwa chake ni cha mviringo kama kofia ya chuma ya askari, na usoni mna ufa mweusi ambamo jicho moja la rangi ya waridi husogea kushoto na kulia likitafuta shabaha. Mabomba yanapita nje ya mwili, kiunoni na miguuni. Bega la kushoto lina miiba, na la kulia limebeba ngao. Lina urefu wa mita 17.5, na likiwa limejazwa mafuta na silaha uzito wake unapita tani 70. Hubeba bunduki ya rashasha ya milimita 120, bazuka ya milimita 280, na shoka ambalo makali yake huchemshwa hadi kuyeyusha chuma.

Kwa nini jeshi la angani lihitaji jitu lenye mikono na shoka? Jibu la watunzi ni chembe za Minovsky, ambazo zikitawanywa katika uwanja wa vita huzima rada na kuyapofusha makombora ya masafa marefu, hivyo wapiganaji hulazimika kukaribiana na kutegemea macho yao. Meli kubwa za Shirikisho la Dunia, upande anaoupigania Amuro, zilijengwa kwa vita vya mbali. Utawala wa Zeon, wenye makao katika Side 3, kundi la makoloni yanayoelea angani, na wenye watu wachache mno kuliko Shirikisho, uliweka tumaini lake lote katika mashine ndogo inayoweza kugeuka haraka angani kwa kurusha mikono na miguu, ikaisogelea meli na kuipiga kwa karibu. Hoja hiyo ni ya kubuni, lakini imejengwa kwa uangalifu kiasi kwamba umbo zima la Zaku linatokana nayo.

Vita vilianza tarehe 3 Januari, mwaka 0079 wa kalenda ya simulizi, na hapa ndipo heshima yangu kwa mchoro inapokutana na uchungu. Zaku walishiriki katika mashambulizi ya nyuklia na gesi ya sumu dhidi ya makoloni ya raia, kisha wakaisindikiza koloni iliyojaa maiti hadi ikaangushwa duniani, na kipande chake kikubwa kikaiangamiza Sydney. Toleo la C lilikuwa na kinga ya mionzi kwa sababu lilitarajiwa kutumia silaha za nyuklia. Katika mapigano ya Loum, mwezi huohuo, Zaku waliisambaratisha meli baada ya meli. Char Aznable, rubani wa Zeon, alijipatia jina kwa kuzamisha tano, na Jenerali Revil wa Shirikisho akatekwa na marubani watatu wa Zaku. Ushindi mkubwa namna hiyo haukurudi tena.

Mwezi Septemba, ndani ya koloni ya Side 7, risasi za Zaku ziligonga bamba za chuma za mwili wa Gundam, roboti jeupe la Amuro, bila kuupenya, na upanga wa miale ukamaliza Zaku wawili. Siku chache baadaye, wakati wa kushuka duniani, rubani aitwaye Crown aliungua ndani ya Zaku yake akimwita Char, kwa kuwa mashine yake haikuweza kustahimili joto la angahewa ilhali Gundam iliweza. Sijui tukio jingine linaloonyesha kwa ukatili kama huo tofauti kati ya miundo miwili.

Matoleo ya ardhini, J na mengineyo, nayapita haraka, maana tukio ninalolithamini kuliko yote liko katika kazi ya mwaka 1989, War in the Pocket, yenye sehemu sita. Bernie Wiseman, rubani kijana wa Zeon, anabaki peke yake baada ya kikosi chake kuangamia ndani ya koloni isiyofungamana na upande wowote. Kwa msaada wa mtoto Alfred anaikarabati Zaku iliyoharibika, wakati wa Krismasi, ili aiangamize Gundam mpya kabla Zeon hawajailipua koloni nzima kwa nyuklia. Anatumia moshi, maputo na shoka. Yaani anapigana kwa akili mahali ambapo mashine yake haifui dafu. Analiharibu vibaya roboti la adui, naye anauawa na rubani ambaye ni mwanamke waliyezoeana, bila yeyote kati yao kujua. Meli za nyuklia zilikwisha kuzuiwa njiani, na Alfred alikuwa akikimbia kwenda kumwambia asipigane.

Katika simulizi, miaka 8 baada ya mwaka 0079, Shirikisho lenyewe linaonekana likitumia Hizack, roboti lililorithi jicho moja, mabomba ya nje na rangi ya kijani ya Zaku, na waliokabidhiwa ni Titans, kikosi kilichoundwa ili kuwasaka mabaki wa Zeon. Hao ndio walioiua kwa gesi koloni ya watu waliothubutu kuandamana.