Singapore na mama: napanga safari kwa saa, si kwa orodha

Mama amekubali tuende Singapore, kwa sharti moja: "Mwanangu, usinikimbize." Magoti yake hayapatani na ngazi, jua la mchana linampandisha presha, na sala zake hazikosi. Nami niliwahi kupita mji huo kikazi, nikauona haraka haraka, na tangu hapo nimekuwa na hamu ya kurudi na mtu ninayempenda. Sasa nimekaa na ramani na daftari, naipanga safari yetu fupi, na naandika hapa kwa sababu huenda kuna mwingine anayetaka kumpeleka mzazi wake.

Watu wengi hupanga safari ya Singapore kwa kuandika vivutio, halafu wanavikimbilia kimoja baada ya kingine. Kwa mji ule, naamini saa ni muhimu kuliko mahali. Singapore iko kama kilomita 137 tu kaskazini mwa ikweta. Mwaka mzima jua linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni, na mchana joto linafika nyuzi 31 au zaidi, tena na fukuto la bahari. Bustani iliyokupa raha saa 1:30 asubuhi itakutoa jasho saa 7 mchana hadi uichukie. Mvua nayo hushuka sana kati ya Novemba na Januari, ila radi za alasiri zinaweza kuja mwezi wowote. Kwa hiyo siku yangu nimeigawa hivi: asubuhi ni ya miti, mchana ni wa ndani, jioni ni ya kutembea. Na kila jioni ina jambo moja au mawili tu.

Asubuhi ya kwanza ni ya Singapore Botanic Gardens, bila mjadala. Mama ni mtu wa maua. Huko nyumbani kwake huwezi kupita bila kukanyaga kopo la mche. Bustani hii ilianzishwa 1859, na 2015 iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Inafunguliwa saa 11 alfajiri na haina kiingilio. Tutashuka kituo cha Napier, ambacho kiko karibu zaidi na sehemu ya maua ya okidi kuliko kile kinachoitwa Botanic Gardens. Anayeshuka kile cha pili anakuwa na safari ndefu ya miguu kabla hajafika. Ndani kuna mti mmoja mkubwa wa tembusu ambao tawi lake la chini limelala karibu na ardhi, na ndio uliochorwa kwenye noti ya dola 5 ya Singapore. Nataka mama ashike noti mkononi, kisha atazame mti.

Okidi zenyewe ziko National Orchid Garden, na hapo ndipo pa kulipia. Ni sehemu ya mteremko, lakini njia ni nzuri na mabenchi yapo. Singapore ina desturi ya kuzipa okidi mpya majina ya wageni mashuhuri, na Mandela alipotembelea 1997 alipewa yake, Paravanda Nelson Mandela. Ua la taifa nalo ni okidi, Vanda Miss Joaquim, tangu 1981. Nimemwahidi mama kwamba hatutaondoka hadi atakaposema mwenyewe ameshiba. Na nikiwa hapo nitamwonyesha upande wa historia ambao wengi wanaupita: ni katika bustani hii ambapo Henry Ridley, mkurugenzi wake kuanzia 1888, alifanya kazi ya kutafuta namna ya kugema utomvu wa mpira bila kuua mti. Mashamba ya mpira ya Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) yaliyofuata yana mizizi yao hapa.

Chakula ndicho kinachonipa furaha zaidi kupanga. Singapore watu wanakula kwenye masoko ya vyakula yanayoitwa hawker centre: ukumbi mmoja wa wazi, vibanda vingi vidogo, kila kibanda na mapishi yake machache yaliyokomaa. Zamani wauzaji hawa walikuwa barabarani. Kuanzia miaka ya 1970 serikali iliwahamishia kwenye kumbi zenye maji na mifereji, na 2020 utamaduni huo ukaingia kwenye orodha ya UNESCO. Sisi tunakula halali tu, kwa hiyo nimechagua Tekka Centre, pale kituo cha Little India. Ukisimama mbele ya kibanda cha roti prata asubuhi, unaona donge la unga lililolowa samli likipigwa mezani, likirushwa na kutanuka hadi unaona vidole vya mpishi kwa upande wa pili, kisha linakunjwa na kutupwa kwenye chuma cha moto. Linakuja na bakuli la mchuzi wa dali au wa samaki. Biriani nayo ipo, na mama ataitolea hukumu yake, maana kwa biriani hasikilizi ya mtu.

Pana adabu zake. Pakiti ya tishu iliyoachwa mezani maana yake meza imeshikwa, usikae. Tishu hupewi, beba zako. Ukimaliza unarudisha trei mwenyewe. Tangu 2021 ni sheria, na rafu za trei za halali zimetengwa na nyingine. Kabla ya kuagiza tazama cheti cha halali cha MUIS, baraza la Kiislamu la Singapore, ukutani, au muulize mwenye kibanda, hawachukii. Na kahawa: ukisema "kopi" utapewa yenye maziwa mazito ya kopo, tamu sana. Kwa sababu ya sukari ya mama, nimeshamfundisha kusema "kopi o kosong", yaani nyeusi bila sukari, na amekuwa akifanya mazoezi jikoni.

Mchana tunaingia ndani. Gardens by the Bay, iliyofunguliwa 2012 kwenye ardhi iliyofukiwa kutoka baharini, ina nyumba mbili kubwa za vioo zilizopoozwa, Flower Dome na Cloud Forest. Tiketi zake si rahisi, na kama pesa inaruhusu moja tu, mimi nachagua Cloud Forest. Ina mlima uliotengenezwa, umefunikwa mimea ya nyanda za juu za tropiki, na maporomoko ya maji ya mita 35 yanayokupiga manyunyu usoni mara tu unapoingia mlangoni. Kilichonifanya niipende kwa ajili ya mama ni kwamba unapanda kwa lifti hadi kileleni, halafu unashuka taratibu kwa njia ya mteremko isiyo na ngazi. Hupandi chochote kwa magoti. Ndani kuna ubaridi, kwa hiyo mtandio mzito ubebwe. Kila nyumba hufungwa siku moja kwa mwezi kwa matengenezo, angalia tovuti yao kabla ya kununua.

Mchana mwingine ni wa South Bridge Road, Chinatown, kama mawingu yatakuwepo. Katika barabara hiyo moja, umbali wa hatua chache, kuna Masjid Jamae, hekalu la Kihindu la Sri Mariamman lililoanzishwa 1827, na mbele kidogo hekalu kubwa la Kibudha la Buddha Tooth Relic. Mvua ikinyesha hatutalowa sana, kwa sababu nyumba za maduka za zamani zina vibaraza vilivyoezekwa mbele, mfululizo. Mpango wa mji wa enzi za Raffles, Mwingereza aliyeuanzisha mji wa kisasa, 1822, ulitaka kila nyumba iache njia ya namna hiyo, na leo bado inawahifadhi wapita njia.

Halafu Kampong Glam, mtaa wa kale wa Waislamu, jioni. Hapa ndipo nimeweka moyo. Masjid Sultan ya sasa ilikamilika 1932, na kuba zake za dhahabu unaziona kutoka mbali kupitia mtaa wa Bussorah, ambao magari hayapiti. Ukisogea karibu, chini ya kila kuba kuna ukanda mweusi unaong'aa. Ni vitako vya chupa. Wakati wa ujenzi, Waislamu maskini waliokuwa hawana fedha ya kuchangia walitoa chupa, na zikapangwa pale, ili kila mtu awe na chake katika msikiti. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimama muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya jengo lolote refu la mji ule. Nataka mama aswali Magharibi humo. Wasio Waislamu pia hukaribishwa kutembelea katika saa maalumu, isipokuwa Ijumaa, na huazimwa majoho ya kujistiri.

Magharibi huingia saa 1 na dakika kadhaa. Kwa ruhusa ya msafiri tutajumuisha na Isha, kisha tutembee polepole hadi kituo cha Bugis, tupande treni ya njia ya Downtown vituo viwili tu hadi Bayfront. Tutakuwa Supertree Grove, ndani ya Gardens by the Bay, kabla ya saa 2:45 usiku, wakati taa na muziki vinapoanza kwenye ile miti mikubwa ya chuma. Ni bure. Onyesho la kwanza ni saa 1:45, lakini kwa anayeswali hilo la pili ndilo lake. Miti hiyo iko 18 katika bustani nzima, yenye urefu wa kati ya mita 25 na 50, imepandwa mimea hai ubavuni; baadhi inavuna umeme wa jua na mingine ni dohani za mitambo inayopooza zile nyumba za vioo. Watu hulala chali kwenye sakafu wakitazama juu. Mama tutamtafutia benchi mapema.

Jioni ya pili ni ya ukingo wa Marina Bay. Yale maji yanayoonekana kama bahari ni matamu: lango la Marina Barrage, lililokamilika 2008, liliitenga ghuba na bahari na kuifanya bwawa la maji ya matumizi. Nchi isiyo na mito mikubwa imegeuza katikati ya mji wake kuwa tangi. Hilo ndilo jambo la kisasa ninaloliheshimu pale kuliko Marina Bay Sands, hoteli ya minara mitatu yenye umbo la meli juu. Maonyesho ya maji na taa mbele ya hoteli hiyo ni bure, saa 2 na saa 3 usiku.

Juu ya hoteli hatupandi. Kama tutataka kuona mji kutoka juu, kuna Pinnacle@Duxton, nyumba za serikali zenye ghorofa 50, ambako daraja la juu kabisa liko wazi kwa wageni wachache kila siku, na kiingilio hakifiki dola 10 za Singapore. Wakazi wengi wa Singapore, karibu wanane katika kila kumi, wanaishi katika nyumba za serikali, na kupanda jengo lao kunakuonyesha mji unavyokaa, nguo zikiwa zimeanikwa madirishani. Sentosa, kisiwa cha burudani, nayo nimeifuta. Ni nzuri kwa wenye watoto, lakini ingekula siku yetu nzima.

Kusafiri ndani ya mji ni rahisi. MRT, yaani treni za mjini, ina lifti vituoni, jambo lililonitoa wasiwasi mkubwa. Unagusa kadi ya benki isiyohitaji kuchomekwa, unapoingia na unapotoka, na nauli inakokotolewa kwa umbali. Kila mtu awe na kadi yake. Sitaweza kumgusia mama kwa kadi yangu. Kadi za nje hutozwa ada ndogo ya siku. Ndani ya treni hakuna kula wala kunywa, hata maji. Faini inaweza kufika dola 500 za Singapore, na mama nimemweleza, maana chupa yake haimbanduki. Nje ya treni ajaze popote. Maji ya bomba yananyweka.

Kwenye hoteli, soma vizuri. Vyumba vya bei nafuu vingi havina dirisha, na tangazo linalisema hilo kwa herufi ndogo. Mimi natafuta chumba chenye dirisha, chenye lifti, kisichozidi dakika tano kutoka kituoni, upande wa Bugis au Little India. Migahawa ya kawaida ikiandika ++ baada ya bei, ongeza asilimia 10 ya huduma na asilimia 9 ya kodi. Kwenye vibanda bei ni ile unayoiona.

Na jambo ambalo nalishughulikia kabla ya yote ni dawa za mama. Singapore haina mzaha na dawa; baadhi ya za usingizi na za maumivu zenye kodeini zinahitaji idhini kabla ya kuingia nazo. Naziorodhesha zote, na barua ya daktari, kwenye pakiti zake za asili. Sigara za kielektroniki zimepigwa marufuku kabisa, na jojo usibebe. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano awe na cheti cha chanjo, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla. Fomu ya kuingia, SG Arrival Card, hujazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, bila malipo kwenye tovuti ya uhamiaji wa Singapore; zipo tovuti nyingine zinazotoza fedha kwa fomu hiyo hiyo, ziepukeni.

Kilichobaki ni tarehe. Mimi naelekea Februari, baada ya mvua kubwa kupungua, ila Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na siku hizo vibanda vingi hufungwa na hoteli hupanda. Kalenda naifungua kesho na mama, achague yeye.