Pauni 70 za Kukaza Shingo ya Gitaa

Duka moja la ala za muziki hapa Leeds, Uingereza, liliniandikia pauni 70 kwa kurekebisha gitaa langu la umeme, bila kuhesabu bei ya nyuzi, na kijana wa kaunta akaongeza kwamba gitaa la kujiundia nyumbani halistahili gharama hiyo. Seti nzima ya vipande niliinunua pauni 110. Aliyezoea mafundi wetu wa Majengo, Mombasa, ambao kwa pesa hizo wangekutengenezea redio, feni na pasi na bado ukarudi na chenji, ataelewa kwa nini nilibeba gitaa langu nikatoka bila kuaga.

Haikuniuma bei peke yake. Gitaa lile nililiunda kwa mikono yangu majira yote ya baridi, kati ya zamu za usiku. Mwili ulikuja ukiwa mbao tupu. Niliupiga msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, nikaupaka vanishi tabaka sita nyembamba, kila moja nikiiacha ikauke kabla ya inayofuata. Nina chumba kimoja tu, hivyo kwa wiki tatu nililala na harufu ya vanishi, dirisha wazi na hita inakula umeme. Shingo niliifunga kwa skrubu nne, nikatia vigingi sita vya kukazia nyuzi na daraja linalozishika mwilini, nikalehemu nyaya za vinasa sauti.

Nilipoliunganisha na amplifaya, likavuma. Nikampigia mjomba wangu, ambaye alianza kutengeneza redio pale Majengo kabla sijazaliwa, na ambaye hakuwahi kushika gitaa la umeme.

“Shikamoo, mjomba. Gitaa lavuma.”

“Marahaba, mwanangu. Ukigusa nyuzi, mvumo wapungua?”

“Haupungui.”

“Basi waya wa daraja haujashika. Tazama ulipouchomea.”

Ndivyo ilivyokuwa. Waya unaotoka darajani huchomelewa mgongoni mwa kizungusho cha sauti, na bamba lile hunyonya joto, kwa hiyo kifaa changu cha kulehemu cha wati 25 kiliiacha risasi imeganda juu juu tu. Niliazima cha wati 60, nikakwaruza bamba kwa msasa, nikachomea upya, na mvumo ukatulia.

Enyi mnaoniandikia kila wiki kuhusu viza, msiuze vifaa vyenu vya kazi mkidhani huku kuna kila kitu. Vitu vipo, tena vingine ni rahisi kuliko Biashara Street. Kilicho ghali ni mkono wa mtu, na mwenye kujua kulehemu, kupiga randa au kushona ataokoa pesa nyingi kuliko atakavyodhani.

Marekebisho yale ya pauni 70 niliyafanya mwenyewe kwa jioni mbili. Huanzia shingoni, kwa sababu kila kipimo kingine huitegemea: unabana uzi kwenye freti (vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho, unatazama nafasi iliyobaki chini yake karibu na freti ya saba, nami niliitaka robo ya milimita. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo huzungushwa robo mzunguko tu kwa mara moja. Baadaye nilishusha nyuzi hadi karibu milimita 2 juu ya freti ya 12, kisha nikasogeza tandiko la kila uzi darajani, yaani kile kipande kidogo kinachoubeba, mpaka sauti ya uzi uliobanwa kwenye freti hiyo ikalingana na ile ya kuugusa tu hapo. Uzi uliobanwa ukilia juu zaidi, tandiko hurudishwa nyuma.

Desemba nikaenda nalo nyumbani. Ncha za freti, ambazo huku Leeds zilinichoma kiganja kwa sababu hewa kavu ya hita ilikuwa imeipunguza mbao, hazikuhisika tena. Unyevu wa pwani ulikuwa umeijaza, lakini nyuzi nazo zilikuwa zimeinuka. Mjomba aliliweka kwenye meza yake, kati ya redio mbili zilizofunguliwa, akaniuliza kila skrubu ni ya nini, akashika ufunguo na kuizungusha fimbo ya shingoni robo. Nilipotoa pochi alinikatalia. Aliniagiza jambo moja, kwamba nikirudi nimletee kile kipimo cha visahani vyembamba vya chuma, maana robo ya milimita jicho lake haliioni tena.