Walikuwa na karata ngapi?

Jumamosi nilienda stendi ya Mbezi kumpokea bibi yake Zu. Gari limetoka Makambako alfajiri, wakasema litaingia saa tisa, likaingia saa kumi na moja, na utingo alipofungua tu buti harufu ya vitunguu ikanipiga usoni. Viroba kama kumi hivi, vile vya nyavu nyekundu, vimejazwa lumbesa mpaka vimeota kichwa. Kabla sijakaa sawa kijana mmoja kanisogelea na begi mgongoni, "Bro samahani, mi sio ombaomba..." Mnaijua hiyo. Kawekewa dawa kwenye juisi, kaibiwa kila kitu, nauli ya Dodoma imepelea elfu nne. Nikatoa elfu mbili nikampa. Zu yuko pembeni ananiangalia, ana miaka tisa huyu na hasahau kitu, "Baba, si ulisema hao wote waongo?"

Nikamwambia shika mfuko wa bibi.

Jibu ninalo, ila ni refu na halinipambi, ndo maana nawaambia nyie kwanza.

2005, naenda kuripoti kidato cha tano shule moja huko Njombe, enzi hizo Njombe bado iko mkoa wa Iringa. Mzee alihangaika wiki tatu, huku kakopa, kule kadai madeni yake, ikapatikana elfu arobaini na tano ya michango, nauli ya kuunganisha kutoka Njombe mjini, na ya kujikimu. Tiketi ya basi alishakata. Mama akazikunja zile noti akaniwekea kwenye soksi ya kushoto, afu akainama akanifunga kamba za kiatu mwenyewe, mafundo mawili, dume zima nina miaka kumi na tisa. Nikaenda kulala kwa mjomba Manzese ili asubuhi niwahi gari la saa kumi na mbili pale Ubungo.

Jioni nikatoka kunyoosha miguu.

Karata tatu, ile kamari ya mtaani. Sitaki kuelezea sana maana hata leo mwili unanisisimka kwa aibu. Kulikuwa na mama kabeba mtoto mgongoni kala elfu ishirini mbele ya macho yangu, nikasema kama mama mwenye mtoto anakula mimi wa PCM nitashindwaje. Nikachutama pembeni ya mtaro nikafungua yale mafundo mawili ya mama, mkono unatetemeka kwa haraka. Dakika kumi, labda kumi na tano, sina kitu. Yule mama na mtoto wake wala sikumuona tena, nadhani alikuwa zamu.

Mjomba sikumwambia. Asubuhi kanipandisha kwenye gari na tranka langu, godoro, jembe na fyekeo, kanipa mkono, safari.

Gari likafa Ruaha Mbuyuni. Hata Kitonga hatujaanza kuipanda. Saa saba mchana, pale joto lake mnalijua, mibuyu imesimama tu haina hata kivuli cha maana. Wakasema gia boksi, kifaa kinatoka Iringa, baadae wakasema hapana kinatoka Morogoro. Wenye hela wakadandia magari mengine, tuliobaki tukabaki. Leo hii ingekuwa simu moja tu, unatumiwa hela kabla jasho halijakauka, ila M-Pesa ilikuja 2008 na mzee hakuwa na simu hata ya kubipu.

Ndo hapo nikaanza kuibiwa. Yaani ile stori. Wa kwanza nilimwambia nimeibiwa stendi alfajiri nikiwa nimesinzia. Akanipa pole. Wa pili nikamuongezea walikuwa wawili. Kufika jioni walikuwa watatu na mmoja ana kisu. Kila niliyemwambia aliniamini kabisa, walisikitika kweli kweli, kuna baba mmoja akanishika kichwa akaniombea dakika tano nzima huku mkono wa pili kashikilia mfuko wa maandazi, na alipomaliza kuomba akaenda kuyala upande wa pili wa gari. Sina kinyongo. Ila maandazi yale nayakumbuka hadi rangi.

Giza likaingia. Njaa ikaanza kuniongoza, nikajikuta nimesimama karibu na kibanda cha mama mmoja muuza vitunguu. Kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chemli iko chini karibu na miguu, mbele yake lundo la vitunguu limefika magotini. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikaanza, "Mama mimi ni mwanafunzi, nimeibiwa..."

"Kaa hapo. Chambua."

Nikakaa kwenye gunia. Akanionyesha mara moja tu: unakishika kitunguu, unakibonyeza shingoni, kikiwa laini kinaenda kushoto, kikiwa kigumu unavunja mkia wake mkavu na kukitupia kulia. Basi. Tukachambua. Maganda yale makavu yana sauti yake, kama mtu anakunja karatasi nyepesi chumba cha pili, na yakipata upepo kidogo yanazunguka miguuni yanang'aa kwenye taa kama mabawa ya kumbikumbi. Macho yanawasha. Malori ya Tunduma yanapita yanalia kujiandaa na mlima. Hajaniuliza jina, hajaniuliza naenda wapi. Nikaona kimya kinanizidi, nikaimwaga stori yote, wezi watatu, kisu, hela za baba, soksi.

Pale kwenye soksi mkono wake ukasimama.

"Ulikuwa umevaa viatu?"

"Ndiyo mama."

"Hivi hivi ulivyovaa."

"Ndiyo."

Akachukua chemli akaisogeza mpaka miguuni kwangu, akaviangalia viatu vyangu, akaangalia kamba. Akairudisha chemli mahali pake. "Kwa hiyo mwizi kakuvua kiatu umelala, kachukua hela, afu akakuvalisha. Akakufunga na kamba."

Nikanyamaza. Kitunguu kiko mkononi, nakibonyeza tu, sijui hata kama ni laini au kigumu.

"Hao wezi wako," akasema, sasa ameshaendelea kuchambua, "walikuwa na karata ngapi?"

Jamani. Ningeweza kuruka, ningeweza kuapa. Ila nadhani nilichoka, au ni ile harufu, machozi tayari yalikuwa yanatoka kwa sababu ya vitunguu kwa hiyo hata kulia hakukuwa na gharama. Nikasema, "Tatu."

Nikasubiri matusi. Au kicheko. Hakucheka huyu mama, yaani nimefikiria miaka yote hii kama kulikuwa na kakicheko hata ka pembeni ya mdomo, sikumbuki kabisa. Akasema tu, "Hicho ulichotupa kulia kimeoza. Kitoe."

Tulimaliza lile lundo sijui saa ngapi. Akanipakulia ugali na samaki, mdogo, mwenye miiba mingi, akanionyesha magunia ya kulalia. Alfajiri konda anapiga kelele gari limepona, nakurupuka, nakuta kasimama anafungua pindo la khanga. Noti tatu za elfu moja, zimekunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama karanga. Akanishika mkono akanibandika kwenye kiganja. "Hii sio ya kuchezea. Utanirudishia ukipita." Nikasema asante mama, akawa ameshanipa mgongo anahangaika na viroba.

Elfu tatu ile ilinifikisha shule. Michango ilikuwa kesi nyingine, nilichimba shimo la taka siku tatu na mzee akaja kujua ukweli 2009 akiwa ameshazeeka kiasi kwamba alicheka. Tuyaache.

Ninachokirudia kichwani ni kitu kimoja. Walioniamini walinipa pole. Yeye hakuniamini hata neno moja, akanipa elfu tatu. Sijui hesabu yake aliipigaje. Labda zilikuwa za kazi, maana kweli nilichambua usiku kucha. Labda alikuwa na kijana wake aliyewahi kuliwa karata, maana ile karata ngapi sio swali la mtu asiyejua. Labda alitaka tu nitoke pale kwenye magunia yake. Wakati mwingine nadhani angenipa hata kama ningekataa na kuapa, na wakati mwingine nadhani hapana, ile "tatu" ndo iliyofungua lile pindo.

Kurudisha sasa. Likizo ya kwanza basi lilipita pale kama halipajui. Ya pili tulisimama ila sikuwa nazo. Nimekuja kupita nina hela zangu mwenyewe 2011, nikaomba dereva dakika tano, nikawauliza akina mama pale, namtafuta mama mmoja muuza vitunguu, kibanda chake kiko chini ya mbuyu. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Ruaha Mbuyuni mtu anauliza vitunguu na mbuyu! "Anaitwa nani?" Sikuwahi kumuuliza. Mimi niliyesimulia maisha yangu yote pale, ya kweli na ya uongo, jina lake sikuuliza.

Nikanunua kiroba kwa aliyekuwa karibu. Tangu hapo kila nikipita nanunua, sipunguziwi bei na siombi, na mama Zu kila mara ananiuliza hivi vitunguu vyote vitaliwa na nani, vinaishia kuota majani chini ya ngazi. Elfu tatu ya 2005 nimeshailipa labda mara hamsini. Bado nadaiwa.

Sasa Jumamosi hiyo, tumeshapakia mizigo ya bibi, tunatoka getini kwa foleni, namuona yule kijana wangu wa Dodoma. Yuko na mama mmoja wa makamo, mkono kifuani, begi mgongoni, anaelezea juisi. Mama wa watu anatikisa kichwa kwa huruma. Nikashusha kioo kidogo nikaangalia chini, alikuwa amevaa raba nyeupe, kamba zimefungwa vizuri kabisa.

Zu naye alishamuona. Nikayakuta macho yake kwenye kioo cha ndani, yananisubiri.

Nikaongeza sauti ya redio.