Kutoka Kimara Hadi Ocean Road, Asubuhi ya Masika

Niliondoka Kimara saa kumi na moja alfajiri, huku mvua ya masika ikinyesha kwa siku ya tatu mfululizo, nikiwa nimebeba chupa ya uji wa ulezi na Biblia ya dada yangu, ambaye alikuwa amelazwa hospitali ya Ocean Road akitibiwa saratani kwa mionzi. Kwa wiki 4 nilikuwa nimeizoea njia hiyo: basi la mwendokasi hadi Kivukoni, kisha mwendo wa miguu kando ya bahari. Asubuhi hiyo daktari angetueleza majibu ya vipimo vipya, na dada alikuwa ameniomba nisimwache ayasikie peke yake.

Tulipofika Magomeni, dereva alitangaza kwamba basi haliendelei mbele. Mto Msimbazi ulikuwa umefurika Jangwani na barabara ilikuwa imefungwa. Mkazi wa Dar es Salaam hashangazwi na habari hiyo, kwa maana bonde lile hujaa maji kila mvua inapozidi. Hata hivyo nilishuka nikiwa na hasira, wala si kwa mvua. Nilimkasirikia Mungu. Usiku kucha nilikuwa nimemwomba nifike kwa wakati, ombi dogo mno mbele ya lile la uponyaji, nikaona hata hilo amelikataa.

Kituoni alisimama mzee mmoja aliyekumbatia kitabu cha nyimbo za ibada. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama na chupa yangu.

“Mwanangu, unauguza?”

Nilimweleza yote. Hakuniambia kwamba dada atapona, na ninamshukuru kwa hilo mpaka leo, kwa sababu wengi walikuwa wameniambia hivyo na maneno yao yalinichosha. Aliniuliza tu kama nimewahi kusoma sura yote ya 3 ya Maombolezo, si ule mstari mmoja tunaouandika kwenye kalenda. Nilikiri kwamba sijawahi.

Tuliungana watu 4 tukakodi teksi, tukazungukia Kinondoni kuelekea Daraja la Tanzanite. Katika foleni ndefu niliifungua ile Biblia. Maombolezo yaliandikwa kwa ajili ya Yerusalemu iliyobomolewa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo, hekalu likiwa limechomwa na watoto wakilia njaa mitaani. Katika mstari wa 8 na wa 9, mwombolezaji analalamika kwamba Mungu ameyazuia maombi yake na kuziba njia zake kwa mawe. Niliusoma mstari huo mara tatu, nikiikumbuka Jangwani. Kisha, katika mstari wa 22 na wa 23, mtu yuleyule anasema kwamba rehema za Bwana hazikomi, “ni mpya kila siku asubuhi, uaminifu wako ni mkuu.” Kati ya malalamiko na ungamo hilo hakuna jeshi la kuwakomboa lililofika, wala ukuta mmoja uliojengwa upya. Kitabu chenyewe kinakwisha kikiuliza iwapo Mungu amewakataa kabisa.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema Mungu ni mwaminifu kila nilipopewa nilichoomba, na nilikuwa ninanyamaza nisipopewa, kana kwamba uaminifu wake ulikuwa mshahara wa maombi yangu.

Tulipopita darajani kulikuwa kumepambazuka. Upande wa kulia niliyaona maji ya Msimbazi, yaleyale yaliyotuzuia, yakiingia baharini yakiwa mekundu kwa udongo.

Nilichelewa. Daktari alikuwa amekwisha kuzungumza na dada, na uvimbe haukuwa umepungua kama tulivyotumaini.

“Nimeyasikia, mdogo wangu,” alisema. “Nipe uji kwanza.”

Alipokunywa nusu kikombe aliniomba nimsomee. Nilianzia mstari wa kwanza wa sura ile, bila kuruka. Nilipofika wa 9 alinishika mkono.

“Huyo ni mimi usiku wa jana. Endelea.”

Niliendelea hadi wa 21, na wa 22 akausema mwenyewe, polepole, macho yakiwa yameelekea dirishani. Muuguzi alikuja kumwita kwenye mionzi. Dada alijifunga kanga, akaniachia kikombe, akatangulia.